Hati ya Zein Iliyotiwa Marashi

Wakikwambia watu wa Kuze kuwa Zein bin Jamaldin nusura akose kwenda Ulaya kwa sababu ya hasidi, waambie hasidi mwenyewe ni mimi, Mahfudha binti Taib, mamake mdogo, na ninasema kwa ulimi wangu. Nimechoka kusikia watu wakisingiziwa. Bimdogo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, amekwisha kuwataja watu watatu mmoja mmoja, na wote watatu hawajui hata bahasha hufunguliwa upande gani. Basi nitasema ilivyokuwa, na atakayecheka na acheke.

Zein si mwanangu wa kumzaa. Ni mtoto wa dada yangu Mwanakuu, Mungu amrehemu, aliyefariki Zein akiwa na miaka minne, na babake Jamaldin alikuwa ametangulia. Nikamchukua. Mume nilikuwa sinaye tena, mtoto sikujaliwa, tukabaki wawili mimi na yeye katika nyumba ya marehemu baba yangu, ile yenye ngazi mbovu. Nimemlea kwa udi. Huo ndio ufundi wangu: napika udi wa harusi, kwa sandali na sukari na marashi na miski, na vitu vingine viwili ambavyo sikwambii wewe wala simwambii Bimdogo. Wakati wa vita sukari ilikuwa ya kupimiwa, na bado hakuolewa mtu Kuze ila kwa udi wangu. Sijisifu, nasema kweli.

Mtoto alikuwa na kichwa. Alisoma shule za hapa kisiwani Mombasa mpaka zikamwishia, akapanda gari la moshi akaenda chuoni Kampala, akakaa miaka miwili, akarudi na cheti na miwani. Akapata kazi ya kusomesha. Mimi nikasema alhamdulillahi, sasa tutafute mchumba. Nikamtajia Mwanaesha, msichana mzuri, mtulivu, mikono yake haikai bure. Yeye akanitazama kwa upole, akaniambia, "Mama, nataka kusoma digirii."

"Digirii ya nini tena? Si umekwisha kusoma?"

"Ya siasa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siasa husomwa? Kwetu mtu akiambiwa aende kwa siasa, ni aende taratibu asijikwae. Akakaa kitako akanieleza: namna nchi zinavyotawaliwa, nani aliyempa nani ruhusa ya kumtawala, vipi Wahindi huko kwao wamejitawala juzi na sisi bado twaandikiwa sheria na watu wasiojua hata jina la mtaa wetu. Kadiri alivyosema ndivyo sauti ilivyopanda. Nikamwambia, "Punguza sauti, baba, Ngome haiko mbali," na wewe wajua Ngome siku hizi ni jela. Lakini nilimwona uso. Uso ule sikuuona nilipomtajia Mwanaesha.

Barua ya Ulaya ikaja mwezi wa Mei, mwaka huu huu wa arobaini na tisa. Alinieleza mara tatu mpaka nikaishika, na nitakueleza mara moja tu, sikiza. Digirii ni miaka mitatu. Msaada wa fedha aliopata ni wa miaka miwili, hauongezwi hata siku. Lakini chuo cha Ulaya kimekubali kuihesabu ile miaka miwili ya Kampala kuwa ndiyo mwaka wa kwanza, ili yeye aingie mwaka wa pili moja kwa moja. Sharti lao moja: waione hati ya masomo yake, kila somo na alama zake, yenye muhuri wa ofisa wa elimu wa hapa, na maneno yote yawafikie kabla mwezi wa Juni haujaisha. Hati ikifika, aenda. Isipofika, nafasi apewa mwingine, na msaada wapotea.

"Basi hati hiyo ndiyo roho yako," nikamwambia.

"Ndiyo roho yangu, Mama."

Hati ikaja kutoka Kampala mwanzo wa Juni. Karatasi moja nene. Majina ya masomo yamepigwa mashine, na alama zimeandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, mwandiko mzuri wa mkuu wa chuo mwenyewe. Zein aliibusu. Nimemwona kwa macho yangu, mtu mzima abusu karatasi. Akairudisha bahashani, akaifunga kwa uzi, akaiweka juu ya kabati, akasema Jumatatu ataipeleka Kizingo kwa ofisa ipigwe muhuri.

Sasa hapa ndipo. Katika nyumba yetu jambo la heri halitoki mlangoni bila kufukizwa. Kanzu ya Idi, nguo za bibi harusi, barua ya posa, msafiri mwenyewe na sanduku lake: vyote hupitishwa juu ya chetezo vikala moshi wa udi, kisha vikanyunyiziwa marashi. Mamangu alifanya hivyo, na mamake kabla yake. Ukipeleka posa kavu kavu halafu ukakataliwa, utamlaumu nani?

Basi Ijumaa, Zein yuko msikitini, nikatia makaa chetezoni. Nikachukua udi ambao nilikuwa nimeupika kwa ajili ya harusi ya mtaa wa Mkanyageni, ule wa juu kabisa, Mungu anisamehe, maana ulikuwa wa watu. Nikafungua uzi, nikaitoa hati, nikaishika juu ya moshi kwa ncha za vidole, nikaigeuza huku na huku. Nikaisomea Ayatul Kursiyu. Nikamwombea mwanangu afike salama, asome, arudi, asinisahau. Nilipofika hapo pa kunisahau machozi yakanitoka. Nikashika mrashi wangu wa fedha, nikaanza kunyunyiza. Desturi ni mara tatu. Mkono ukaenda ukarudi, ukaenda ukarudi, na mimi nalia na naomba, sikuhesabu.

Nilipofuta macho, wino ulikuwa unatembea.

Lo! Nikachukua pindo la leso nikapangusa, na hilo ndilo lililomaliza kazi. Yale majina ya masomo ya mashine yalibaki kama yalivyo, hata herufi haikutikisika. Alama zote zikaondoka. Palipokuwa na alama pakawa na wingu la buluu kutoka juu mpaka chini. Nikaipepea, nikaisogeza karibu na makaa ikauke, ukingo ukaanza kugeuka rangi. Nikairudisha bahashani, nikafunga uzi vilevile alivyofunga yeye, nikaweka juu ya kabati, nikajiambia pengine ikikauka itarudi. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini siku ile mjukuu alikuja kabla ya baba yake.

Jumamosi sikusema. Jumapili sikusema. Mara mbili nilifungua mdomo, na mara mbili nikamwuliza kama ataongeza chai.

Jumatatu akatoka asubuhi, suti imenyooka, anapiga mluzi ngazini. Kabla ya adhuhuri akarudi, na mluzi hakuna. Akakaa kwenye kiti cha mlangoni na bahasha mapajani.

"Imefunguliwa mbele yangu," akasema. "Mama, alama hazipo. Zimeoshwa. Bwana yule ameitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, 'Masomo yapo, alama hazipo. Maji haya yana akili sana, yanajua kuchagua.' Asema nimeziosha mwenyewe kwa sababu zilikuwa mbaya."

"Wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui. Ningemwambia nini? Amekataa kupiga muhuri. Nimemwomba awaandikie Kampala, akasema hawezi kumtilia mkono mtu anayemdhania mwongo. Na Ulaya wakimwuliza, atawaambia hivyo hivyo."

Bimdogo akaingia. Yeye hodi yake huipiga akiwa tayari ndani. Aliposikia akapiga mkono kifuani. "Husuda hiyo! Hasidi kaingia nyumba hii! Mimi namjua!" Na akaanza kumtaja mama mmoja wa watu ambaye kosa lake ni kumwuliza Zein ataondoka lini. Nilikuwa nachambua mchele uliokwisha chambuliwa.

Zein hakumsikiza. Alikuwa ameinamia bahasha, akasema polepole kama mtu anayejifunza maneno, "Kesho nitarudi. Nitamwambia nilikuwa nakunywa chai nikaimwagia."

Hapo nikashindwa. Mtoto huyu sikumfunza uongo. Alipovunja mtungi wangu wa maji akiwa na miaka saba alikuja kuniamsha usingizini aniambie. Leo ataanza kusema uongo mbele ya Mzungu kwa sababu yangu, na uongo wenyewe hautamfaa, maana chai haina rangi ile.

"Bimdogo," nikasema, "chungu chako chaungua."

"Sikubandika chungu."

"Nenda ukabandike basi."

Akaenda, amenuna. Nikamwambia Zein yote: chetezo, udi, mrashi, leso. Nilisema nikitazama mchele. Nilipomaliza nikangoja apige kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele.

"Hukutaka niende," akasema.

"Astaghafirullah! Zein! Nilitaka heri!"

"Marashi hunyunyizwa mara tatu, Mama. Nimekuona ukinyunyizia watu tangu utoto wangu. Mara tatu, siku zote. Karatasi ile imeoga." Akasimama, akachukua kofia yake. "Miaka yote ukaniambia soma, mwanangu, soma. Na sasa nilipotaka kwenda zaidi, ukaziosha."

Akashuka ngazi. Siku ile alikula kwa rafiki yake, na mimi sikula kabisa.

Asubuhi nikavaa buibui langu nikaenda Kizingo peke yangu. Mimi, ambaye tangu kuzaliwa nilikuwa sijatia mguu ofisi ya serikali hata moja! Nilipita Ngomeni, nikapita mahakamani, nikaingia ile mitaa yenye majumba makubwa na miti, ambako hapiti mtu ila kwa motokaa, na mbwa wanakubwekea kutoka kila ua. Nilikuwa na hasira. Hasira na nani sijui, lakini ilinisaidia kutembea.

Karani wa ofisi alikuwa kijana wa Kigiriama, Karisa wa mzee Thoya, mtu wa Kaloleni, mpole, kola yake imepigwa pasi. Akasimama aliponiona. "Sabalkheri, mama yangu. Karibu."

"Sabalkheri, mwanangu. Nimekuja kumwona bwana wako. Mimi ndiye niliyeharibu karatasi ya Zein."

Akanitazama, akaniletea kiti, kisha akaingia ndani. Nikaitwa. Ofisa alikuwa mtu mrefu, mwekundu, meza yake imejaa makaratasi. Akaniambia, "Wewe mama, nataka nini?"

Nimezaliwa Mombasa, nimezeekea Mombasa, na Kiswahili naambiwa hivyo! Nilitaka kumjibu kuwa mimi sijui anachotaka yeye, lakini nikameza. Nikamwambia Karisa, "Mwanangu, bora unifasirie wewe, huyu tutachelewa."

Nikasema yote. Karisa akageuza Kizungu, na kila akigeuza naona yule bwana anapandisha nyusi. Mwishowe akatikisa kichwa. Karisa akanambia, "Asema hajapata kusikia mtu akitia karatasi ya serikali manukato. Asema kina mama hupenda watoto wao, na mama huweza kusema lolote."

Nimekuja na kweli yangu yote, kweli yenye aibu, na haiaminiki! Lakini Karisa akasogea mezani. Akaomba ruhusa, akaichukua ile hati mezani, maana Zein aliiacha huko na kurudi na bahasha tupu, akaisogeza puani. Akafumba macho. Akasema neno Kizungu, akampa bwana wake. Kisha akanieleza mimi aliyomwambia: kwamba yeye aliwahi kununua koti kuukuu kwa mtu wa Mji wa Kale, akalifua mara nne, harufu ya udi isitoke, akalivaa kanisani, na watu wote wakampongeza wakidhani anaoa.

Bwana akainusa karatasi. Akainusa tena. Akapiga chafya tatu, moja juu ya nyingine, na aliponyanyua uso alikuwa anacheka, na mimi, usinicheke, nilijisikia fahari kidogo. Udi wangu huo.

Kisha cheko likaondoka usoni mwake, akauliza jambo. Karisa akasita, akatazama chini.

"Sema tu, mwanangu."

"Auliza... auliza kama uliharibu makusudi, ili kijana asiondoke."

"La!" nikasema. Nilisema upesi.

Basi akatoa shauri. Niende kwa Kadhi niape, kiapo kiandikwe, kije kwake. Kikija, yeye atapiga simu Kampala kwa waya wa serikali waziseme zile alama, kisha ataandika barua yake kwenda Ulaya kwa ndege na kuambatisha kiapo. Bila kiapo, hana la kufanya. Nikamshukuru kwa Kiswahili, naye akanishukuru kwa hicho alichokuwa nacho.

Kwa Kadhi nilikwenda siku ile ile, nimetia udhu. Kadhi ni mtu wa haraka, ana kesi za mirathi zimemjaa mlangoni. Akayasoma maneno aliyoyaandika karani wake: kuwa mimi Mahfudha binti Taib nimeiharibu hati hii kwa mkono wangu, bila kukusudia madhara, na nia yangu ilikuwa heri. Akaniwekea Msahafu mbele. Nikanyoosha mkono, naye akanizuia kidogo.

"Bi Mahfudha, la mkono lajulikana kwako na kwa watu. La nia lajulikana kwa Mola na kwako tu. Usiape kwa kumwonea mtoto huruma. Nia yako ilikuwa heri?"

"Ilikuwa heri."

"Waapa?"

Nikaapa. Karani akaandika.

Sasa nitakwambia jambo ambalo sikumwambia Kadhi wala Karisa. Njia nzima ya kurudi nyumbani maneno ya Zein yalinifuata: marashi mara tatu, siku zote. Miaka thelathini nanyunyiza, mkono wangu wajua wenyewe. Mbona siku ile haukujua? Na yule Mzungu asiyenijua aliuliza lile lile aliloniambia mtoto niliyemlea. Watu wawili! Nikajitazama. Ni kweli nilikuwa naogopa. Ulaya watu huenda wakaoa huko, wakafa kwa baridi huko, wakarudi hawali chakula chetu. Ni kweli nilipoomba nililia, na nililia kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Je, kama moyo ulinificha jambo na mkono ukalitenda? Basi nimeapa uongo juu ya Msahafu, nikiwa na udhu wangu.

Sikuweza kumwuliza mtu. Nikafunga siku tatu. Ilikuwa Shaabani, watu wakadhani ni sunna, na Bimdogo akanisifu kwa ucha Mungu. Nilimwacha anisifu.

Zein aliisikia habari ya Kizingo na ya kiapo kutoka kwa Karisa. Alikuja jikoni, akaniamkia, akanibusu mkono, akasema, "Ulikwenda kwa miguu, Mama? Jua lote lile?" Nikamwambia ndiyo. Tukarudi kula pamoja, tukazungumza juu ya samaki na juu ya mvua, tukawa na adabu nyingi, na adabu nyingi baina ya mtu na mwanawe si dalili nzuri.

Alama zilikuja kwa waya siku ya tano. Nzuri zote, ila hesabu, na hesabu najua aliirithi kwa nani. Ofisa akapiga muhuri wake, akaandika barua, ikaondoka kwa ndege tarehe ishirini. Ikawa hakuna la kufanya ila kungoja. Mwezi wa Ramadhani ukaandama na jibu halijaja. Juni ikaisha na jibu halijaja. Zein alikonda, na si kwa saumu. Asubuhi akienda kusomesha, jioni akikaa dirishani anatazama njia, na ukimsemesha unasema mara mbili. Mimi nilimtazama yeye akitazama njia. Ramadhani ile niliomba dua nyingi, lakini kila nikifika pa kumwombea apate, nasikia hofu: naomba kwa moyo au kwa ulimi?

Siku ya kumi ya mfungo, baada ya alasiri, nimekaa kwenye mbuzi uani nakuna nazi ya futari, nikasikia kengele ya baisikeli kwenye kichochoro chetu, na kichochoro chetu hakipitishi baisikeli. Ilikuwa inasukumwa. "Hodi wenyewe!" Sauti ya Karisa. Ametoka Kizingo mpaka Kuze kuileta mwenyewe simu ya maandishi kutoka Ulaya, hakungoja kesho.

Zein alishuka ngazi zile mbovu mbili mbili. Akaipokea, akamrudishia Karisa amfungulie. Nami ile nazi mkononi, sikuiweka chini wala sikuikuna. Sikuomba chochote. Nilikaa nikaungojea moyo wangu, niusikie utasema nini.

Alisoma kimya. Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Wameihesabu. Miaka yote miwili. Naingia mwaka wa pili."

Wallahi sikujua kama ni mimi. Kigelegele kilitoka kabla sijafikiri, mdomo mkavu, saa kumi na moja ya Ramadhani, kikapanda ukutani kikaingia mtaa wa pili. Nikapiga cha pili. Nikapiga cha tatu. Nikajikuta nimesimama nacheza na kifuu cha nazi juu ya kichwa, na Karisa anacheka amejishika mbavu, na Bimdogo yuko ndani tayari anapiga kelele, "Nani kaolewa? Nani kaolewa?"

Nikasimama kidogo katikati ya ua. Nikajipekua moyo wote, pembe zote, nikitafuta huzuni iliyojificha, nikitafuta lile jambo la siri, au hata tone la kusikitika kwamba wamekubali. Sikulikuta. Uchungu wa kuachwa ulikuwapo, sikatai, upo mpaka sasa ninapozungumza nawe. Lakini haukutaka akae. Furaha ndiyo iliyotoka mwanzo, peke yake, bila kuitwa. Nikakaa chini pale pale kwenye chicha za nazi, nikalia kilio ambacho sikulia hata siku ya Mwanakuu.

Zein akachutama mbele yangu. "Usilie, Mama. Ni miaka miwili tu. Miwili tu, nitarudi."

"Silii kwa hilo."

"Unalia kwa nini, basi?"

"Niliapa kweli," nikamwambia. "Zein, mwanangu, niliapa kweli."

Bimdogo akauliza kaapa nini huyu, lini, kwa nani. Zein alikuwa ananitazama, na nikaona alipoelewa. Alivua miwani yake akaishika mkononi.

"Basi niliyesema uongo ni mimi," akasema, akaweka kichwa chake mapajani mwangu, mbele ya Karisa na Bimdogo, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, na mimi nikamwekea mkono juu ya nywele, mkono wenyewe umejaa nazi.